Nguvu ya Kuazima

Katika Kiswahili neno nguvu ni mpagazi aliyetwishwa mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni nguvu ya kubeba gunia, ya kulima, ya kupiga kasia na kuvuta jarife. Mzigo wa pili hautajwi mbele ya wakwe. Mtu akisimama mbele ya muuza mitishamba, akanong'ona kwamba siku hizi nguvu zimempungua, muuzaji hamwulizi ni zipi. Huinama akafungua kopo. Mizigo hiyo imening'inizwa ncha hii na ncha ile ya mti mmoja, kama mzega wa maji, na aubebaye hawezi kuutua mmoja akabaki na mwingine. Huenda ndiyo sababu mwanamume wa makamo, gunia likimshinda siku moja, huingiwa na hofu kubwa kuliko uzito wa gunia lenyewe.

Mzega wenyeji wa miji ya Mwambao wanaujua: ufito begani, debe mbele, debe nyuma, maji yakichezacheza. Kwa sikio la mtu wa pwani, jina la mji wa Nzega linagongana na neno hilo. Hapa hapadaiwi kwamba moja limetokana na jingine. Majina ya Unyamwezi yana wenyewe. Walakini mgongano huo wa sauti una haki ya kukumbukwa, kwani nchi ile iliibeba biashara ya karne ya 19 juu ya mabega ya watu wake, na kubeba begani, badala ya kichwani kama walivyopendelea watu wa pwani, kulikuwa miongoni mwa alama za Mnyamwezi katika msafara.

Msafara uliotoka Bagamoyo ulikwenda miezi miwili, mitatu, na wakati mwingine zaidi, hadi kuifikia Tabora, mwendo wa kilomita 800 hivi kwa miguu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16. Juu ya hizo mpagazi alikuwa na mkeka wake, chungu chake, chakula na silaha. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajapata kuiona bahari alikuwa bado ana deni la utu uzima wake. Watoto walijizoeza kwa vipande vidogo vya pembe kabla ya kukabidhiwa pembe kamili. Makocha wa leo wana majina marefu ya utaratibu huo wa kuuongezea mwili uzito kidogo kidogo. Unyamwezini yalikuwa malezi tu. Na watu wa Visiwani hawahitaji kukumbushwa kwamba pembe zilizojenga baadhi ya majumba ya Mji Mkongwe zilipita juu ya mabega hayo, wala kwamba Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alikuwa na mama wa kambo, Karunde, aliyetoka katika nyumba ya Fundikira wa Unyanyembe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ikafa. Nzega ya leo ni njia panda. Barabara inayotoka Singida hukutana hapo na ile ya Tabora, kisha huelekea upande wa Shinyanga na Mwanza, au Kahama na mpaka wa Rwanda. Malori hupita usiku na mchana. Mzigo umekuwa mkubwa mara elfu kuliko ule wa mpagazi, na anayeubeba ameketi.

Katika mji huo yupo mfanyabiashara mmoja wa mpunga, mtu wa miaka 51, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa. Ujanani alikuwa mpakiaji. Alianzia chini ya gunia, akapanda hadi kuwa mwenye gunia, na sasa siku zake hupita juu ya kiti cha plastiki mbele ya mashine ya kukoboa, simu mkononi, soda pembeni. Mke wake wa kwanza alifariki. Baada ya miaka minne akaoa tena, mwanamke wa miaka 33, na nyumba hiyo mpya bado haijapata mtoto. Asubuhi moja, kwa kutaka tu kuonyesha vijana jinsi lumbesa inavyopandishwa, aliinama akaikumbatia. Haikupanda. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Kijana mmoja alikuja taratibu akasema, "Acha nikupokee, mzee," akaichukua kama anayempokea bibi kikapu sokoni.

Jioni ile alikwenda mahali ambapo vijana wa mtaa hufanyia mazoezi. Si ukumbi wenye vioo. Ni uwanja nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, wenye vyuma vya kienyeji: makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, benchi la mbao, na nondo moja iliyofungwa baina ya nguzo mbili. Msimamizi wake ni kijana wa miaka 26 mwenye mabega kama mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Marahaba hiyo ilimtoka kwa shida. Amani ya salamu hii ni kwamba mdogo humpa mkubwa heshima, na mkubwa huipokea. Ila ipo siku mtu huipokea heshima huku moyo ukitamani kuirudisha. Hata hivyo alivaa raba, akaanza. Miezi minne alifika mara tatu kwa wiki. Pumzi ilirudi, mgongo ukaacha kulalamika, na chuma alichoshindwa mwezi wa kwanza kikawa chepesi. Lakini kioo kilimwambia habari nyingine: tumbo lipo, mikono ni ile ile. Akamwuliza msimamizi.

"Mzee wangu, gari lako zima," kijana akamjibu. "Ila dizeli imepungua. Nikuletee?"

Kilicholetwa kilikuwa kichupa kidogo chenye mafuta ya rangi ya manjano, kimezongwa gazeti. Juu yake palisomeka testosteroni. Sindano moja kwa wiki, majuma kumi na mawili, kisha mapumziko. Alikiweka kabatini, nyuma ya vitabu vya stakabadhi, na hapo kikakaa. Mtu aliyewahi kununua mpunga wa shamba zima kwa kuutazama kwa jicho alijikuta hawezi kuamua juu ya kichupa kisichozidi kidole gumba.

Si kwamba jambo lenyewe lilikuwa geni kwake. Mtoto aliyelelewa katika nchi ya ng'ombe anajua kazi ya korodani kabla ya kujua kusoma. Baba yake alikuwa na fahali na alikuwa na maksai. Fahali ana shingo nene, ana kiburi, hulinda majike na huvunja ua. Maksai, aliyehasiwa akiwa mdogo, ni mtulivu na hukubali nira. Tena, na hili wachungaji wamelijua miaka yote bila maabara, maksai hukua akawa mrefu wa miguu, kwa kuwa mifupa yake huchelewa kufunga. Na ni maksai, wala si fahali, avutaye jembe kutwa nzima. Mwenye kudhani kwamba nguvu yote imo katika tezi mbili angepaswa kusimama kwanza katika shamba la Nzega mwezi wa Desemba.

Wataalamu wa Ulaya waliifikia elimu hiyo kwa njia ya jogoo. Mwaka 1849, huko Göttingen, Arnold Berthold aliwahasi majogoo, upanga ukanywea na kuwika kukaisha. Alipowapandikizia korodani tumboni, upanga ukarudi. Akajua kwamba kuna kitu kinachosafiri katika damu. Miaka 40 baadaye akatokea mtu ambaye wasomaji wa visiwani wangependa kumjua, maana naye alikuwa mwana wa kisiwa cha Bahari ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817, akawa bingwa wa elimu ya neva mjini Paris. Tarehe 1 Juni 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya wataalamu wenzake akawaeleza kwamba amejidunga majimaji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za panya wa Guinea. Alisema anapanda ngazi akikimbia, anafanya kazi usiku bila kuchoka, ananyanyua uzito mkubwa kuliko awali. Hata mruko wa mkojo wake alikuwa ameupima na kuukuta umeongezeka urefu. Mwaka ule ule, mwambao wa Tanganyika ukiwa vitani na Wajerumani, Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Dunia ilikuwa na mambo mazito ya kushughulikia, lakini habari ya mzee wa Paris ilienea upesi kuliko habari ya Pangani, na wauza dawa wakatajirika.

Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliitengeneza tena dawa ile kwa kufuata maelezo yake. Wakaipima. Testosteroni iliyokuwamo ilikuwa ndogo mno, isingeweza kumfanya mtu lolote. Ngazi zile mzee alizipanda kwa imani. Waganga wa msafara, waliowapa wapagazi dawa za safari kabla ya kuondoka, wasingeshangaa.

Dawa ya leo, lakini, si ya imani. Testosteroni yenyewe ilitambuliwa na kutengenezwa mwaka 1935, na kazi hiyo iliwaletea Adolf Butenandt na Leopold Ružička Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka 1939. Ndugu zake wa maabara, nandroloni, stanozololi na wengineo, wakafuata, na kila aliyekuwa na redio mwaka 1988 anakumbuka jinsi Ben Johnson wa Kanada alivyonyang'anywa dhahabu ya mita 100 mjini Seoul kwa sababu ya hiyo stanozololi. Kwa miaka mingi madaktari waliwaambia wanamichezo kwamba dawa hizi hazina faida. Hawakusadikiwa, na hawakustahili kusadikiwa. Mwaka 1996 utafiti wa Marekani ulimaliza ubishi: wanaume 43 wenye afya waligawanywa mafungu manne kwa majuma kumi. Waliofanya mazoezi huku wakidungwa mafuta yasiyo na dawa waliongeza karibu kilo mbili za mwili usio na mafuta. Waliodungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki bila mazoezi yoyote waliongeza zaidi ya kilo tatu. Waliopata vyote viwili, kilo sita. Anayetaka kumshauri mtu wa makamo sharti aanze kwa kukiri hayo, la sivyo kijana wa chini ya mwembe ataonekana mkweli kuliko yeye.

Swali basi si kama nguvu hiyo ipo. Swali ni ya nani.

Mfanyabiashara alisafiri hadi hospitali moja ya mkoa, kwa kisingizio cha kwenda kununua mkanda wa mashine, akakitoa kichupa mfukoni mbele ya daktari ambaye ni rika la mdogo wake. Daktari alikigeuza mara mbili.

"Mzee wangu, hii ni dawa ya cheti. Nani amekuandikia?"

"Hakuna aliyeniandikia. Nimeletewa."

"Una watoto?"

"Watatu, wa marehemu. Kwa huyu niliye naye bado."

"Mnatafuta?"

"Tunatafuta."

Daktari akakiweka kichupa mezani, mbali kidogo, kama mtu anayesogeza kikombe cha moto asije mtoto akakigusa.

Maelezo aliyopewa ni haya, na yanastahili kukaliwa kwa muda. Mwili huendesha jambo hili kama ghala na karani. Karani ni ubongo pamoja na tezi ndogo iliyo chini yake, pituitari. Kiwanda ni korodani. Karani hutazama damu, akiona testosteroni imepungua hutuma agizo, akiona imejaa hunyamaza. Sindano inapomwaga testosteroni kutoka nje, karani huona ghala limefurika. Hatumi agizo. Kiwanda husimama. Mabega yanapanuka nje, na korodani zinanywea ndani. Kibaya zaidi kwa mtu anayetafuta mtoto, mbegu za kiume hazilelewi na testosteroni ya kwenye damu. Huhitaji ile inayotengenezwa humo humo korodani, ambayo kiasi chake huwa kikubwa mara nyingi kuliko cha damuni. Kiwanda kikisimama, mbegu hupungua hadi kutoonekana.

Hili halikugunduliwa kwa ajali ya wanyanyua vyuma. Shirika la Afya Duniani lililifanyia majaribio kwa makusudi, kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 1990, wanaume 271 wa nchi saba walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, na 157 kati yao mbegu zilitoweka kabisa. Wake zao wakaacha njia nyingine zote za kujikinga, na katika mwaka uliofuata ikapatikana mimba moja tu. Dozi aliyoandikiwa mzee wa Nzega chini ya mwembe ilikuwa karibu na hiyo hiyo. Yaani kile kilichozongwa gazeti kwa jina la uanaume, watu wa Geneva walikuwa wamekichunguza kama mpira wa kinga.

"Kwa hiyo ningeidunga," akasema taratibu, "na bibi yangu angeendelea kungoja."

"Angengoja, na wewe ungekuwa na mikono mizuri."

Ipo methali ya Kiswahili juu ya nguo ya kuazima na sehemu ya mwili isiyositiriwa nayo. Wazee wa pwani wanaijua na hapana haja ya kuimalizia. Nguvu ya namna hii ni ya kuazima, na aliyeazimwa ni mwili wa mkopaji mwenyewe. Akiacha sindano, kiwanda hakifunguki siku ile. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya miezi sita, mwaka, na kwa wengine miaka miwili. Waliotumia muda mrefu, wapo ambao hazirudi kama zilivyokuwa. Katikati hapo mtu hukaa bila ya testosteroni ya sindano wala ya kwake, mnyonge, mwenye huzuni asiyojua itokako, na duka la kijana liko wazi. Wengi hurudi huko kwa kukimbia siku hizo za ukavu tu, wala si kwa tamaa ya misuli.

Riba nyingine ni za kawaida kutajwa, nazo zitajwe kwa kupita. Damu huwa nzito kwa wingi wa chembe nyekundu. Mafuta mema ya damu hushuka, moyo hunenepa, shinikizo hupanda. Vidonge vya jamii hii huliumiza ini. Sehemu ya homoni hugeuka mwilini kuwa ya kike, na kifua kilichotarajiwa kuwa cha simba huanza kuota matiti. Aidha, kichupa kisicho na cheti hakina mdhamini: hakuna ajuaye kama kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani, wala sindano imetoka wapi.

Wapo wanaoihitaji kweli, na haki yao isimezwe na kelele za wanaotaka vifua. Mtu aliyeumia korodani, aliyeharibiwa na matubwitubwi, aliye na uvimbe kwenye pituitari, huyo kwake testosteroni ni tiba kama insulini ilivyo tiba. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 wenye upungufu uliopimwa na maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata, ulionyesha kwamba wakitibiwa kwa kipimo cha kurudisha kiwango cha kawaida, mishtuko ya moyo na viharusi havikuzidi vya wasiotibiwa. Ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kuganda kwa damu mapafuni na maradhi ya figo vilizidi. Hao walikuwa chini ya macho ya madaktari, kwa dozi za tiba. Habari zao haziwezi kuazimwa na mtu wa miligramu 600 chini ya mwembe.

Wapenzi wa tenzi watakuwa wamekwisha kumfikiria Liyongo, na ni vigumu kuwazuia. Utenzi wa Fumo Liyongo, kama alivyouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una shujaa asiyeuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mchomaji ni mwanawe aliyehongwa. Kulinganisha sindano na sindano ni rahisi mno, na tena si haki, kwa kuwa Liyongo hakujichoma. Kinachofaa zaidi ni kile kisa cha baada ya hapo. Liyongo, amekwisha kuchomwa, alikwenda hadi kisimani, akapiga goti, akauvuta upinde, akafia katika umbo hilo. Mji mzima ukakaa bila maji. Watu walimwona kwa mbali, mabega yametanuka, mshale umeelekezwa, wakaogopa kusogea, na ndani ya umbo lile hapakuwa na mtu tena.

Daktari hakuishia kwenye kichupa. Alimwuliza kama anakoroma. Mke angejua, akajibu. Akamwuliza usiku anaamka mara ngapi kwenda haja ndogo, anakunywa soda ngapi mchana. Akapima tumbo kwa utepe. Akamwagiza arudi kutolewa damu asubuhi, baina ya saa moja na saa nne, siku mbili mbalimbali, kwa sababu testosteroni hupanda alfajiri na kushuka jioni, na kipimo kimoja cha mchana kimewatia wengi katika sindano wasizozihitaji. Baada ya umri wa miaka 30 au 40 homoni hii hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, nao huo ni upole wa maumbile. Lakini mafuta ya tumbo, usingizi uliokatika na sukari ya damu huishusha kwa pupa.

Majibu yalitoka. Testosteroni ilikuwa chini kidogo, ukingoni, haijafika pa kutibiwa. Sukari ndiyo iliyokuwa juu, na juu sana.

"Hii ndiyo iliyokunyang'anya gunia," daktari akamwambia.

Kwa mtu aliyetaka kusikia kwamba amepungukiwa dizeli, hiyo ni habari ya aibu kidogo. Kisukari hakina fahari ya kuhadithiwa kijiweni. Alipewa vidonge, akaambiwa soda ziishe, sahani ya ugali ipungue na maharage, karanga na dagaa viongezeke. Vyuma aliambiwa asiviache kabisa, kwa kuwa msuli unaofanya kazi huitumia sukari. Daktari akamtajia pia wazee kumi wa nyumba ya kulelea wazee huko Boston, wenye wastani wa miaka 90, ambao mwaka 1990 walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya majuma manane, nguvu ya mapaja ya waliomaliza ilikuwa imeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wao waliacha kutumia mkongojo. Mzee wa Nzega, kwa hesabu za biashara, aliona kwamba amebakiza karibu miaka 40 kuufikia umri wa wanafunzi hao.

Nyumbani mke alikuwa amekwisha kukiona kichupa siku nyingi kabla, wakati akitafuta stakabadhi ya umeme. Hakusema. Usiku ule mume alipomweleza yote, sukari, karani na kiwanda, alisikiliza hadi mwisho.

"Baba, mimi nilidhani ni kwa ajili yangu," akasema.

"Na mimi nilidhani hivyo."

Wala si kwamba mambo yamekuwa mepesi tangu hapo. Mtoto hajapatikana bado. Mke naye amepimwa, na safari ya hospitali imekuwa ya watu wawili. Tumbo limepungua pole pole. Lumbesa hajaijaribu tena, ingawa vijana wa mashine wamemwona akipandisha nusu gunia wakati anapodhani hakuna amtazamaye. Kichupa alikirudisha kwa daktari kikateketezwe, maana kukitupa jalalani kungekuwa kumpa mtoto wa mtu mwingine.

Chini ya mwembe aliendelea kwenda. Siku moja, wengine wamekwisha kuondoka, aliketi kwenye benchi karibu na yule msimamizi aliyekuwa akifuta vyuma kwa tambara. Jua lilikuwa limelala upande, na mgongo wa kijana, uliokuwa wazi, ulionekana umejaa chunusi kubwa kubwa kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Umeanza lini, mwanangu?"

"Nina miaka mitatu, mzee."

"Una mchumba?"

"Ninaye. Mahari tumemaliza mwezi jana."

Mzee akamweleza habari za wanaume 271. Alieleza vibaya, akichanganya namba, akirudi nyuma kusahihisha, lakini 157 aliikumbuka. Kijana aliendelea kufuta kopo moja la saruji ambalo lilikuwa limekwisha kutakata. Pikipiki ilipita, lori likapiga honi barabarani, na vumbi likashuka.

"Mzee," akasema mwishowe, bila kuinua macho, "hicho kipimo cha asubuhi, wanapima siku gani?"